Khitma ya Mama

Barking, London, Jumapili

Kaka Mansour,

Shikamoo. Naitoa kwa sababu mama alitufunza adabu, si kwa sababu unaistahiki.

Huku baridi imeanza. Binti yangu Haifa amepata kazi ya kutunza wazee. Mimi mzima.

Ujumbe wako kutoka Pemba nimeusoma. Wewe mwenyekiti wa jumuiya yetu umeamuru watoto wa Kirohingya, wakimbizi wa Burma, wasifundishwe tena Kiingereza kwenye ukumbi wetu, eti wanawarudisha nyuma watoto wetu. Wewe, uliyefika mji huu mkimbizi hujui hata kuomba maji kwa Kiingereza!

Sasa sikiliza. Jana tulimsomea mama khitma ya mwaka. Tuligawa juzuu thelathini. Watoto wetu walizipokea, wakazifunua, kisha wakatoa simu. Mwanao Muhsin aliniambia kwa Kiingereza kwamba hajui hata alifu. Juzuu kumi na mbili zikarudi mezani, na wageni wakitazama.

Basi nikawapigia simu wazazi wa wale uliowafukuza. Walikuja watoto sita, viatu vimelowa mvua. Senuara, msichana wa miaka kumi, alisoma juzuu tatu peke yake bila kukwama, kisha akaniuliza jina la mama ili amtaje kwenye dua. Hakuna mwanao aliyeuliza hilo.

Ufunguo wa ukumbi ninao mimi, na Jumamosi nitawafundisha. Ukirudi, piga hodi. Nitamwambia Senuara akufungulie.

Mdogo wako, akipenda Mungu,
Ghalia