Kahawa Uliyomtumia Baba

Mama, shikamoo. Najua umeitikia hapo ulipokaa. Goti limepoa? Ng'ombe ameshazaa? Huku Mwanza tunaendelea vizuri, ila mumeo atanizeesha.

Unakumbuka alivyokuja, hata uji ulimkwama. Baada ya dripu za dawa na mionzi, uvimbe kwenye njia ya chakula umenywea. Siku alipomaliza sahani ya ndizi na kuomba nyingine, nilikwenda kulia jikoni. Nikakupigia simu, nawe kwa furaha ukamtumia kahawa ya kutafuna, zile buni kavu ulizozifunga kwenye jani la mgomba.

Basi kahawa hiyo ikazua mambo. Juzi nimerudi nyumbani kutoka kazini, Baba hayupo, begi halipo. Nilimkuta stendi ya Nyegezi, ndani ya basi la Bukoba, koti kalifunga vifungo vyote.

"Baba, unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Mama yako ameniita." Akafungua kiganja, nikaiona kahawa yako. "Kwetu ukipewa hii umekaribishwa. Na nimepona, nakula. Nipasuliwe cha nini?"

Nikamkumbusha maneno ya daktari: dawa zimeupunguza uvimbe ili upasuaji uwe na nafasi nzuri, lakini ukiachwa unaweza kurudi. Hawatampasua kifua chote. Watapitisha kamera na vifaa vyembamba kwenye matundu madogo, waondoe sehemu yenye ugonjwa. Hata hivyo ni upasuaji mkubwa, Mama, na daktari hakutuahidi kitu.

Baba akaniuliza polepole, "Nikifia huko ndani je? Si afadhali nikale naye sasa, wakati naweza?"

Sijawahi kumwona akiogopa. Niliogopa pia, nikamshika mkono.

"Baba, kahawa ya kukaribishwa mtu hupewa akifika mlangoni. Hii Mama ametuma iwe salamu tu. Ile yenyewe atakupa kwa mkono wake."

Dereva akawasha gari. Baba akainuka, akasema, "Nishushie begi."

Anaingia chumba cha upasuaji Jumatatu. Mpigie kabla. Usimwambie ajikaze, hilo analisikia kutwa. Mwambie unamsubiri.

Msalimie shangazi anayekuchotea maji, na kaka Mutta anayetunza migomba; mwambie mkungu mkubwa asiuze.

Kahawa hajaitafuna. Ameifunga tena kwenye jani lako, naituma pamoja na barua hii. Anasema uiweke karibu na mlango.

Mwanao akupendaye,
Koku