Kadi ya Matundu Manne

Jumapili, 9 Novemba

Nimefuta vumbi kwenye kompyuta ya kanisa, kama kila Jumapili. Kibodi, kioo, nyuma kwenye nyaya. Leo nimefuta kwa hasira.

Jana picha ilikatika mara tatu katikati ya mahubiri. Wenzetu wa Magunga hawana mchungaji mwezi huu. Hukusanyika mbele ya televisheni moja na kufuata ibada yetu ya hapa Suna. Ilipokatika mara ya tatu wakachoka, wakaenda nyumbani bila ombi la kufunga. Baadaye Mzee Okeyo, kiongozi wa kanisa letu, akaniambia mbele ya kwaya nzima: "Dada Peres, Sabato ijayo ikikatika tena, hii mashini tunaiitia fundi wa Homa Bay. Wewe urudi kwa matangazo."

Matangazo! Kuyaandika kwenye karatasi na kuyabandika mlangoni. Mimi niliyepiga chapa katika ofisi za Homa Bay miaka ishirini na tisa. Nimestaafu, sijafa.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimeujua ugonjwa. Nyuma ya mashini kuna matundu manne tu ya USB. Ya mbele yalikufa zamani. Mimi nina vitu vitano vya kuchomeka: kibodi, mausi, modemu ya intaneti, miksa ya sauti, kamera. Ndiyo maana kamera na miksa zinabanana kwenye kile kigawio cha plastiki kinachogeuza tundu moja kuwa manne. Matundu yanaongezeka, lakini umeme unabaki uleule wa tundu moja. Ni kama kuinjika sufuria mbili juu ya jiko moja la makaa. Kamera ikikosa umeme, inazima.

Kigawio kingine hakitasaidia. Kinachotakiwa ni kadi ya kuwekwa ndani ya mashini, yenye matundu yake na umeme wake.

Sijawahi kufungua kompyuta.

Jumanne, 11 Novemba

Nimeifungua. Nilizima, nikachomoa waya wa ukutani, nikagusa chuma cha kasha ili umeme wa mwilini utoke, kama nilivyosoma. Skrubu ya kwanza niliikaza badala ya kuilegeza. Naandika ukweli, hakuna anayesoma hapa.

Ndani kuna vumbi la kutosha kupanda viazi. Feni. Na pembeni, nafasi moja tupu ya kadi. Nilifurahi kuiona kuliko nilivyotarajia.

Upande wa ndani wa kifuniko nimekuta majina matatu, kwa kalamu ya wino mzito. Wafula. Tom. Mutua. Kila fundi aliyewahi kuifungua ameacha jina lake. Wote wanaume. Nimeyasoma mara mbili, kisha nikafunika.

Jumatano, 12 Novemba

Kadi nimeipata. Matundu manne! Dukani kwa Salim, anayeuza vifaa vya umeme mjini Migori. Aliniuliza fundi wangu ni nani. Nikamwambia ni mimi. Akacheka, kisha akaona uso wangu, akaacha.

Njia nzima nilikuwa natabasamu peke yangu. Nimemwonyesha kadi hata muuza nyanya.

Alhamisi, 13 Novemba

Haiingii.

Kadi yenyewe inakaa vizuri. Tatizo ni kile kibati cha ukingoni, kinachoishikilia kwenye kasha. Kasha letu ni lile jembamba, na kibati kilitengenezewa kasha pana. Kimezidi vidole viwili, kifuniko hakifungi. Nilipima nafasi ya kadi, sikupima kimo. Kosa ni langu, sina wa kumsingizia. Nimeona aibu hadi masikio yakawaka.

Salim hana kibati kifupi. Anasema niirudishe, atanitafutia nyingine wiki ijayo. Wiki ijayo nitakuwa mlangoni na gundi yangu na matangazo yangu.

Halafu wakati napika nikamkumbuka Oduor, yule fundi wa jua kali anayetengeneza masanduku ya wanafunzi. Yeye hukata na kukunja bati kila siku ya Mungu. Kesho naenda kwake.

Ijumaa, 14 Novemba

Sabato imeshaingia, na kazi haifai, lakini kuandika hapa si kazi. Naamini hivyo.

Mvua ilimchelewesha Oduor hadi mchana. Alipofika alitaka kuibana kadi nzima kwenye jiliwa! Nilipiga kelele, wateja wakageuka. Nikafungua skrubu mbili mwenyewe, nikampa kibati tu, kadi nikaishika kifuani. "Mama, hiyo kitu unabeba ka mtoto mchanga," akanitania. Lakini akakata, akakunja ukingo mpya, akatoboa mahali pa skrubu, akalainisha kwa tupa. Kazi safi kabisa.

Saa kumi na moja nilikuwa ofisini mwa kanisa. Kadi ikaingia. Kibati kikakaa. Kadi inataka waya wake wa umeme, na waya wa ziada hatuna. Nikauchomoa ule unaolisha sehemu ya CD, maana hakuna anayeitumia, nikauchomeka kwenye kadi. Nikafunika. Nikanyoosha mkono kuiwasha.

Stima ikapotea. Mtaa mzima.

Nikakaa, mikono magotini. Stima imerudi wakati kwaya inaimba wimbo wa kuifungua Sabato. Jua lilikuwa limeshazama. Bisibisi nikairudisha kwenye droo. Kesho kuiwasha mashini ni sehemu ya ibada, lakini kuifungua ni kazi. Kama nimekosea, siruhusiwi kuigusa hadi jioni, na Magunga watakaa mbele ya kioo cheusi.

Ule waya uliingia hadi mwisho? Sikumbuki. Naogopa.

Sabato, 15 Novemba

Nilifika kabla ya watu wote. Nikawasha. Kioo kilikaa cheusi muda mrefu, au ni mimi niliyeuona mrefu. Kisha picha ikaja. Nikachomeka miksa kwenye kadi, ikawaka. Nikachomeka kamera. Taa nyekundu, na ikabaki hivyo. Nimeitazama taa hiyo kuliko nilivyomtazama mhubiri. Mungu anisamehe.

Haikukatika hata mara moja.

Mwisho wa ibada Magunga walipiga simu, wote pamoja, wakiimba wimbo wa kufunga. Walikaa hadi ombi la mwisho. Nililia kidogo nyuma ya miksa.

Mzee Okeyo akaja, akaipapasa mashini. "Sasa hii ndiyo kazi! Fundi wa Homa Bay alikuja lini?"

"Hakuja, mzee. Niliifungua mimi."

"Wewe?"

"Mimi."

Akaitazama mashini, akanitazama. Kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru kwa Kijaluo. "Erokamano, Dada Peres. Erokamano ahinya." Mbele ya kwaya nzima.

Najivuna. Naandika tena nione inavyokaa: najivuna.

Jumapili, 16 Novemba

Nimefuta vumbi. Kibodi, kioo, nyuma kwenye nyaya.

Nimeifungua mashini kidogo. Ule waya ulikuwa umeingia hadi mwisho.

Chini ya Mutua palikuwa na nafasi. Nimeandika kwa wino mzito: Peres, Suna. Nikaupuliza wino hadi ukakauka, nikarudisha kifuniko, nikakaza skrubu.