Bahasha Niliyoikataa

Jumatano, 3 Desemba

Vitanda vinne tayari. Blanketi moja linanuka moshi, nimelianika uani na kuomba mvua isije kabla ya saa nane. Imekuja saa saba. Nimelihamishia jikoni, sasa linanuka moshi zaidi.

Wageni wanafika kesho. Ni kundi langu la kwanza bila Shangazi Rael kando yangu. Tangu nimalize mtihani wa Kidato cha Nne niko hapa kwake Ikonge, nangoja matokeo na kuwatembeza watu wanaotoka mbali kuja kuona majani chai. Shambani siogopi. Naangalia majani, mdomo unaongea wenyewe.

Ninachoogopa ni bakshishi. Leo tukimenya ndizi Shangazi amenirudishia masharti yake. Usitaje kiasi. Usiangalie mkono wa mgeni. Ukipewa, pokea kwa mikono miwili, shukuru, tia kwenye mkebe wa jikoni yeye akiona. Mkebe ni wa wote: Mama Nyanchama anayepika, Ondieki anayewafunza wageni kuchuma, na mimi. Na uwaambie Ijumaa wakati wa chakula cha mchana, kwa sababu jua likizama Sabato imeingia, na katika nyumba hii pesa hazishikwi mpaka Jumapili.

Kwetu Marani mgeni akiondoka tunambebesha ndizi na parachichi. Kumwambia aache pesa naona haya hata kuandika.

Alhamisi, 4 Desemba

Wamefika. Wanawake wanne kutoka Uholanzi. Kiongozi wao anaitwa Anneke, ni muuguzi, mrefu sana, ameinama mlangoni. Wote wanacheka haraka.

Shambani imeenda vizuri. Ondieki aliwaonyesha kuchuma majani mawili na chipukizi. Anneke alichuma tawi zima. Ondieki akaniambia kwa Kiswahili, uso umekauka kama mhubiri, "Mwambie amechuma kuni."

Sikumwambia.

Ijumaa, 5 Desemba

Sikusema.

Mama Nyanchama alikuwa amepika ugali wa wimbi, mboga ya chinsaga na kuku wa kienyeji. Wageni walisifu mboga mpaka nikamtafsiria Mama Nyanchama mara mbili. Ulikuwa wakati wenyewe. Nilisimama. Nikaanza kwa Kiingereza, "Kuna..." Wote wakageuka wakaniangalia. Nikamalizia, "Kuna supu zaidi."

Hakukuwa na supu zaidi. Ilibidi Mama Nyanchama anipe ya Ondieki.

Nilijiambia nitasema saa kumi. Saa kumi walikuwa wanapiga picha. Halafu jua likazama.

Jumamosi, 6 Desemba

Gari lao lilikuja saa mbili asubuhi. Mimi nimevaa sare ya kwaya, nimeshika Biblia. Shangazi alikuwa ametangulia kanisani. Anneke alinijia na bahasha nyeupe, nene. Alisema ni ya wote, hasa mama wa jikoni.

Nilirudisha mikono nyuma. Nikasema hapana. Akasema tafadhali. Nikasema hapana, hapana, sisi hatuchukui. Neno "leo" halikutoka. Neno "Sabato" halikutoka. Aliona haya, akawa mwekundu mpaka shingoni, akaomba msamaha, akairudisha kwenye mkoba.

Mimi ndiye niliyekosa na yeye ndiye aliyeomba msamaha. Kanisani sikusikia mahubiri.

Jumapili, 7 Desemba

Mama Nyanchama alikuja baada ya misa, bado amevaa kitambaa chake cha kanisa. Alifungua mkebe. Akaugeuza. Akaniangalia.

Nilisema hawakutoa.

Nimedanganya. Naandika hapa ili iwe imeandikwa mahali. Alisema tu, "Wale walioramba sahani?" Kisha akaanza kuosha sufuria ambazo zilikuwa safi.

Jumatatu, 8 Desemba

Tulikuwa tunapeleka majani kwenye kituo cha kupimia. Foleni ndefu. Ondieki akasema kwa sauti, bila kunitaja, kwamba siku hizi kuna mwongozaji hodari sana, ameziongoza pesa mpaka Marani. Watu wakacheka. Wengine hawakujua anamsema nani, walicheka tu kwa sababu Ondieki amesema.

Naye anacheka na kila mtu. Sijui kama anaamini. Mama Nyanchama ndiye anayeamini, na yeye hacheki.

Naitwa mwizi na sikuiba. Ningesema kweli, ningeitwa mjinga na mwongo. Nimepima yote mawili njia nzima nikirudi na kikapu kitupu.

Jumatano, 10 Desemba

Mambo yametoka.

Mama wa ofisi ya Nairobi anayetuletea wageni alimpigia Shangazi simu. Alifurahi sana. Wale Waholanzi wameandika kwamba kwetu watu ni wakarimu kiasi kwamba bakshishi ni kama tusi, walijaribu kutoa wakakataliwa. Kwa hiyo ameshawaandikia wageni wanaofuata: wasitoe chochote, wataudhi watu.

Shangazi aliweka simu mezani taratibu. Aliniita, akawaita na wengine wawili. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

Nilisema yote. Supu, bahasha, Sabato, uongo wa Jumapili. Nilisema nikiangalia kidole changu cha mguu.

Ondieki alikohoa. Mama Nyanchama akasema, "Rael, mimi ni Mkatoliki. Jumamosi mkono wangu unafunguka vizuri. Huyu mtoto angeniita tu, nilikuwa hapo jikoni hatua sita."

Ni kweli. Hatua sita. Sikuwaza hata mara moja kumwita.

Ondieki akauliza, "Kwa hivyo sasa wageni wote watakuja wakijua sisi tunakula hewa?"

Mama Nyanchama aligeuka akaniambia kwamba hata kama ningeiba ingekuwa nafuu, mwizi huchukua mara moja. Mimi nimefunga mlango. Aliniita "wewe". Siku zote huniita "mama".

Alhamisi, 11 Desemba

Hajanisalimia.

Jumatatu, 15 Desemba

Shangazi alipiga simu Nairobi ili barua irekebishwe. Yule mama amesafiri hadi mwaka mpya, na kundi linalofuata limeshaisoma. Wanafika Alhamisi. Shangazi alisema angeweza kuwaambia mwenyewe, lakini hatawaambia. Aliyeharibu ndiye atakayetengeneza. Alisema hivyo akinisokota nywele, kwa mkono mwepisi.

Nikishindwa, Mama Nyanchama anaenda kupika kwenye mkahawa mmoja Magwagwa. Wamemwita tangu Oktoba. Mshahara hapa ni mdogo; mkebe ndio umemkalisha. Shangazi hakuniambia. Nilisikia wakiongea nikiwa nachota maji.

Nampenda Mama Nyanchama. Sijawahi kumwambia mtu yeyote maneno marefu kuliko ya shambani.

Jumatano, 17 Desemba

Nimefanya mazoezi nikiwa na ng'ombe. Kwa Kiingereza. Ng'ombe hakuniangalia, kwa hiyo ilikuwa rahisi.

Alhamisi, 18 Desemba

Wamefika watano, familia moja kutoka Kanada. Baba, mama, nyanya na wasichana wawili wakubwa. Nyanya yao ana fimbo na anauliza maswali yote. Ameuliza chai ikinyeshewa mvua ya mawe inakuwaje, na nani anaosha vyombo.

Ijumaa, 19 Desemba

Chakula cha mchana. Mama Nyanchama aliweka matoke mezani akataka kuondoka. Nilimwomba akae. Nikatoka nikamwita Ondieki, akaja na gambuti zake mguuni akasimama mlangoni. Nilitaka waone. Labda nilitaka pia nisiweze kukimbilia supu.

Nilianza nikiangalia meza. Nikainua macho kidogo, nikamwangalia yule nyanya.

Nilisema wameandikiwa kwamba bakshishi inatuudhi. Si kweli, na kosa ni langu. Kundi lililopita walinipa siku ya Sabato, sikuruhusiwa kushika pesa, niliogopa kueleza, nikawaaibisha. Nikasema hapa mgeni halazimishwi. Akipenda, kuna mkebe mmoja jikoni, ni wa huyu anayepika, huyu wa shambani na mimi. Hatupangi kiasi. Kabla jua halijazama leo, au wampe Shangazi wakirudi siku nyingine. Wasipotoa, kesho watapata chai na ndizi za njiani vilevile.

Sauti ilitetemeka katikati na nikaendelea.

Baba wa familia aliuliza kama ni heshima zaidi kumpa kila mtu mkononi. Nikamtafsiria Mama Nyanchama. Akafikiri. "Mwambie kwenye mkebe. Mkononi watampa anayecheka nao, na mimi niko na moshi." Nikatafsiri yote, hata moshi. Yule nyanya alipiga fimbo chini akasema kwa lugha yetu, vibaya lakini kwa bidii, "Mbuya mono," yaani vizuri sana.

Walirudi kutoka matembezini karibu saa kumi na mbili, wamelowa. Waliingia jikoni wote watano, mmoja mmoja. Sikuangalia mikono.

Hapakuwa na muda wa kugawa. Jua lilikuwa linaingia. Shangazi akasema mkebe hautafunguliwa mpaka Jumapili. Ondieki akasema sawa. Mama Nyanchama hafungwi na Sabato yetu. Fungu lake angeweza kulichukua palepale, na hakuna ambaye angemlaumu. Aliushika mkebe. Akaniuliza, "Chumba chako kina kufuli, mama?"

Nikasema hakina.

"Haya, weka chini ya kitanda." Akanipa, akatoka kuvaa viatu.

Jumamosi, 20 Desemba

Wageni waliondoka saa tatu. Walipunga mikono mitupu, tukawapa ndizi. Kwaya iliimba vizuri, mimi pia. Baada ya kanisa nililala. Mvua kidogo, kisha jua. Mkebe uko chini ya kitanda, sijausogeza. Kesho Mama Nyanchama anakuja baada ya misa.