Maikrowevu Uliyoibeba Kichwani

Uyole, Mbeya
Jumatano, 10 Juni 2026
Asubuhi: ukungu na baridi kali, jua limetoka saa nne.

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Kilolo, na goti limeacha kukusumbua. Sisi hatujambo. Ezron anakuamkia, amenenepa, na amenikataza nisikuandikie hilo.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Jumapili ulisema unakuja mwisho wa mwezi, na kwamba cha kwanza utakachokula ni kiporo cha maharage kilichopashwa kwenye ile maikrowevu uliyonipa. Kisha ukakata simu.

Kwanza nikueleze kazi yetu. Pale maabara ya chuo ninapohudumu, Dokta Masanja anatengeneza unga mweupe wa zinki, chembe zake ndogo mno kuliko vumbi la sembe. Ukipakwa kwenye kipande cha kioo, unahisi mwanga: jua likiupiga, umeme unapita kwa wingi; giza likiingia, unapungua. Zamani mchanganyiko wake ulishinda kwenye tanuri kutwa nzima, na umeme ukikatika tunaanza upya. Siku hizi anaupika kwa maikrowevu, dakika chache tu, na chembe zinatoka zinalingana. Mlinzi wetu, mzee Anyelwisye, alituuliza kama ni kweli msomi mzima anaajiriwa kupika uji usiolika. Siku nyingine alileta kande zake tumpashie, nikamwonyesha tangazo nililobandika ukutani: kilichopika kemikali hakipashi chakula tena.

Mwezi wa nne maikrowevu ya maabara iliungua, na wakaguzi wa mradi walikuwa wanakuja kesho yake. Wasingeona kitu, mradi ungefungwa. Nikamwambia Dokta ninayo moja nyumbani.

Ndiyo, shangazi, ni ileile. Ile uliyoingia nayo kwenye kicheni pati yangu ukicheza nayo kichwani, ukawatangazia akina mama kwamba mke wa Ezron hatakula kiporo baridi. Dokta aliniuliza mara mbili kama ninaelewa kwamba haitarudi jikoni. Nilielewa. Kitambaa ulichokidarizi nilikivua kwanza, kipo kabatini, kisafi.

Wakaguzi walipofungua pazia, mshale wa kipimo uliruka, na mmoja wao akaomba alifungue tena mwenyewe. Mradi umeongezewa miaka miwili. Dokta alitaka kuninunulia maikrowevu mpya. Nilikataa, nikamwomba kitu kingine, na kwa miezi miwili nilikuwa nikikuambia kwenye simu kwamba inapasha vizuri.

Sasa fungua soksi iliyomo kwenye kifurushi hiki. Hicho kioo kidogo chenye doa jeupe ndicho nilichomwomba Dokta; unga wake umepikwa kwenye maikrowevu yako. Fundi wa umeme akifunge kwenye dirisha la banda, kitazame nje, na waya zake zipitie kwenye swichi ndogo niliyoifunga nacho, inayowasha pale umeme wa kioo unapopungua, kisha ziende kwenye taa inayowapa vifaranga joto. Jua likizama, taa itawaka yenyewe. Mwaka jana ulichelewa kutoka kwaya, hapakuwa na wa kuwasha taa, ukakuta vifaranga wote wamekufa kwa baridi, ukanipigia ukilia. Sikusahau.

Ukija nitakupashia maharage kwenye jiko la mkaa, na unaweza kunigombeza ukiwa unakula. Ila kwaya usiache, imba hadi mwisho.

Wasalimie wote wa nyumbani.

Mwanao,
Violet

Sasa nafunga soksi na barua. Nalala saa tano na robo usiku.