Mkwe Aliyerudi Kutoka Kuzimu

Makomeno, Jumanne

Bado simwamini. Mkwe wangu, mwanamieleka shujaa aliyezama mtoni Kasenga akiokoa abiria wa mtumbwi, tukamlilia bila maiti, leo ameingia sebuleni. Anasema alipigana na walinzi wa kuzimu, mmoja baada ya mwingine, akawashinda. Majirani walishangilia.

Sura ni yake. Lakini amekula bukari, ugali wetu, mbele yangu, mama mkwe wake! Miaka tisa alibeba sahani yake hadi baraza ya nyuma ya nyumba hii, kwa heshima.

“Mama, kuzimu hakuna bakwe, hakuna wakwe wa kuwaheshimu,” binti yangu alicheka, huku akifunga sanduku ili aondoke naye kesho.

Nikamjazia yule mtu sahani ya pili, nikamwomba akale nyuma kama zamani.

“Mulango ya nyuma iko wapi, mama?”

Mikono ya binti yangu ikasimama juu ya sanduku.