Mama, Nilikuwa Daktari wa Kutembea

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mpaka leo siwezi kuanza kusema na wewe bila kukuamkia, hata nikijua kwamba marahaba yako sitaisikia. Nakuandikia nikiwa chuoni, katika ofisi ile uliyoingia mara moja tu, ukatazama rafu zote halafu ukauliza kwa nini mwalimu wa michezo ana vitabu vingi hivi na mpira mmoja. Wanafunzi wako likizo. Korido ni kimya, na mimi sina pa kukimbilia.

Hukuwa wa kwanza kushangaa. Nilipochaguliwa kusoma sayansi ya michezo, kijijini kwetu Lukozi watu walicheka. Mjomba alikuja nyumbani akamwambia baba, "Yaani kijana anakwenda chuo kikuu kusomea mpira?" Baba hakunitetea, maana yeye alitaka nisomee kilimo. Wewe ulikuwa unamenya viazi, na hukuinua hata uso. "Mwacheni," ulisema. "Kila mtu hapa ana miguu. Akaisomee."

Nikaenda kuisomea. Na nilipofika shahada ya pili nilirudi kwako, kwa sababu nilitaka kujua wanawake wa milimani kwetu wanapandaje mteremko na mzigo kichwani bila kuharibika magoti. Majirani walisita. Wewe ulikubali siku hiyohiyo. Nilikubandika vipande vya plasta nyeupe nyongani, gotini na kwenye kifundo cha mguu, nikakuomba upande kutoka shamba la bondeni na kabichi zako kama siku zote, mimi nikienda pembeni na kamera. Watu walitoka majumbani kutazama. "Umenipamba kama ng'ombe wa mnada," uliniambia, na wakati unasema hivyo shingo yako haikutikisika hata kidogo. Mimi ndiye niliyehema.

Makala niliyoandika kutokana na kazi ile ndiyo iliyonifungulia mlango wa kuajiriwa. Jina lako halimo. Umeandikwa "mshiriki wa kwanza". Kuna watu katika nchi za mbali wanaojua goti lako lilivyokunjika ukipanda kwenda nyumbani, lakini hawajui kwamba ulikuwa unapanda huku unaimba.

Halafu nikapata uzamivu, watu wakaanza kuniita daktari, na matatizo yakaanzia hapo. Kila nilipokuja likizo, uani kwetu palikaa wagonjwa. Huyu mgongo, yule kifua, mwingine kamleta mtoto ana degedege. Nilijieleza mpaka nikachoka. Siku moja jirani yetu, Mama Zuberi, aliniuliza kwa uchungu kabisa, "Sasa kama hutibu, wewe ni daktari wa nini?" Ukanijibia wewe. "Huyu ni daktari wa wazima. Ukipona, njoo." Hata yeye alicheka.

Nakumbuka Idi ile, mama, ingawa ningefurahi kuisahau. Haisi ilinishusha barabarani na wewe ulikuwa unateremka kunipokea. Nilikuona ungali mbali. Mguu wako wa kulia ulikuwa unatua vidole kwanza, kwa kupiga chini, na kila ukiuinua ulilipandisha goti juu kuliko kawaida ili usijikwae. Angekuwa mtu mwingine ningesema amechoka, au viatu vinambana. Lakini mwendo wako nilikuwa nimeutazama kwenye kompyuta kwa miezi, picha baada ya picha. Niliganda pale na begi langu mkononi.

"Mbona umesimama kama mgeni?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda."

"Mguu una nini?"

"Umekufa ganzi kidogo. Baridi hii."

Kabla ya kula nilikukalisha kwenye kiti, nikashika unyayo wako, nikakwambia usukume kiganja changu. Ulidhani nakutania. Ulipojaribu, nilihisi kiganjani kitu chepesi kama mguso wa mtoto. Yako magonjwa kadhaa yanayoweza kufanya hivyo, na mengine yanatibika. Niliomba ugonjwa wako uwe mmojawapo wa hayo.

Nilitaka tuondoke kesho yake kwenda hospitali ya rufaa. Baba akasema tuanze na mzee mmoja anayechua kwa dawa za miti, aliyewahi kumsimamisha mtu wa ukoo wetu. Wewe ukaona tusimvunje moyo. Likizo yangu ikaisha, nikarudi kazini. Ulipofika hospitali, mkono nao ulikuwa umeanza kuangusha vikombe.

Daktari yule alikuwa mtu mpole. Alipojua kazi yangu alianza kunieleza kama mwenzake: neva zinazoamrisha misuli zinakufa moja baada ya nyingine, miguu, mikono, koo, mwisho pumzi. Yalikuwa maneno yaleyale ninayowafundisha wanafunzi. Hakuna hata moja lililohitaji kufafanuliwa, na hakuna hata moja lililonisaidia.

Kwenye gari, tukiwa tunapita Mazinde kwenu, uliniuliza amesemaje. Nikakwambia kwamba ugonjwa huu hauna dawa.

"Hauna dawa hapa, au hauna dawa?"

"Hauna dawa, mama."

Ulitazama mawingu nje. Kisha ukasema tusisimame Mombo kununua nyanya, tuwahi kufika kabla mvua haijanyesha.

Basi nikaanza kuleta vitu. Nilileta kifaa cha kushikilia kifundo cha mguu. Nilipofika nacho, goti nalo lilikuwa limelegea. Nikaleta chuma cha kutembelea. Mikono ikawa haiwezi kukishika. Nikaleta kiti cha magurudumu, na wewe unajua mlango wetu unavyofungukia mteremko. Kila nilicholeta kilikuta umeshapita hatua yake. Mdogo wangu Zaina nilimfundisha kukunyoosha viungo asubuhi na jioni, naye hakuacha hata siku moja. Alidhani akifanya vizuri zaidi, utarudi. Kila akinipigia simu aliniuliza kama anakosea mahali, nami nilimjibu hakosei.

Katika kipindi hicho nilialikwa nje ya nchi, mwaka mzima kwenye maabara kubwa, nafasi ambayo watu wa fani yangu wanaisubiri maisha yote. Niliandika kwamba siendi. Sikukwambia, lakini Zaina hana siri. Nilipokuja ulikuwa umelala kwa ubavu, maneno yakitoka taratibu, moja moja.

"Umebaki ufanye nini?"

"Nikae na wewe."

"Ukikaa, nitatembea?"

"Hapana."

Ulifumba macho. Nilidhani umelala. "Basi kaa," ukasema.

Nikakaa. Ndiyo kazi niliyoifanya, mama. Niliyesomea miguu kwa miaka yote ile, nikakaa pembeni ya kitanda nikitazama misuli ya paja lako ikitetemeka yenyewe chini ya khanga, nikijua mtetemeko ule unaitwaje.

Halafu siku moja ulitaka kwenda Irente. Hukuwahi kufika, ila ulisikia wageni wanakuja kutoka mbali kutembea mpaka mwisho wa mwamba. Gari lilifika mahali, hatua zilizobaki nikakubeba mgongoni, Zaina akikushika kwa nyuma. Ulikuwa mwepesi mno. Tulipishana na wageni wenye fimbo za kupandia mlima, wamevaa viatu vikubwa, wakatupisha njia. "Hawa wanatoka kwao kuja kutembea tu?" uliniuliza sikioni. Nikasema ndiyo. "Hawana pa kwenda?" Nikacheka, nikahisi na wewe unacheka, kwa jinsi kifua chako kilivyogusa mgongo wangu.

Tulikukalisha pale juu. Chini kabisa kulikuwa na Mazinde, mapaa ya bati yakimetameta na barabara kama uzi. Ulituonyesha kwa macho, kwa kuwa mkono ulikataa, mahali ulipozaliwa na upande ulikopandia siku ulipoletwa kuolewa. Ulisema ulipanda kwa miguu, tangu alfajiri, na mashangazi zako walikuwa wanakuomba upunguze mwendo. "Nilikuwa na haraka," ulisema. Zaina alikuuliza haraka ya nini. Ukungu ulipanda ukafunika kila kitu, ukaomba turudi.

Ulituacha mvua za masika, asubuhi, Zaina akiwa ameenda kukuchemshia uji. Mimi nilikuwa nimeshika mkono wako. Niliona pumzi moja, nikasubiri nyingine.

Sasa nimepandishwa cheo. Walinipongeza, tukanywa soda. Somo la mwendo bado nalifundisha mimi, ila nawaonyesha wanafunzi video za watu wengine. Zaina ameolewa Soni, ni mzima, na kila tukionana anakataa kuzungumza kuhusu viungo.

Baba hajambo. Lakini kila nikija ananiuliza swali lilelile: "Ungesomea udaktari wenyewe, ungemponya?" Nilidhani ananilaumu, kwa hiyo nilikuwa namjibu kwa mkato, hapana baba, kisha nabadilisha mazungumzo. Mwezi uliopita tulikuwa tunapalilia karoti akaniuliza tena. Nikamjibu vilevile. Akasimamisha jembe.

"Na yule mzee wa kuchua? Zile siku nilizompeleka kule kwanza?"

Ndipo nilipomwelewa. Muda wote ule hakuwa ananiuliza habari zangu.

"Hazikubadilisha kitu, baba. Hata tungewahi."

"Umesomea hilo?"

"Nimesomea."

Alikaa chini palepale kwenye tuta, akavua kofia yake akafunika uso nayo. Sikujua nimfanyie nini. Nikaendelea kupalilia karibu yake, polepole, mpaka aliponyanyuka.

Nilifikiri yamekwisha. Asubuhi yake, tukinywa chai, akaniuliza tena, maneno yaleyale, kana kwamba hatujawahi kuzungumza. Nikamjibu tena. Jana amepiga simu. Aliniuliza habari za kazi, habari za watoto, kisha swali lilelile, nikamjibu. Hakuna nitakachoweza kumfanyia zaidi ya hicho, mama. Nitamjibu kila atakaponiuliza.

Lala salama, mama, na Mungu akurehemu.

Mwanao, kifungua mimba wako