Unyayo wa Chui Begani mwa Bonane

Jumatatu, tarehe 9, mwezi wa sita

Wateja watatu, wote nyuma ya pazia. Msichana aliyetaka tatuu ya jina la mama yake kwenye kiganja. Nikamshauri mkono, kiganja hakishiki wino. Wawili wa nyusi. Umeme ukakatika katikati ya nyusi, nikamalizia kwa batri. Mbele, Tantine Sifa alikuwa anasuka, redio juu, ili mlio wa mashine usifike barabarani. Ndivyo tunavyofanya kazi tangu alipoanza kunihifadhi. Saloni ni yake. Mimi ni mtu wa nyuma.

Jioni Papa Wilondja alinisimamisha. Ana kachumba kando ya barabara hapahapa Kasenga, marehemu mke wake alikuwa anauzia vitambaa mle. Dirisha, mlango wa chuma, baraza ndogo. Amesikia ninavyochora watu. Anataka kunipangisha mimi kabla hajampa muuza kadi za simu. Nimjibu kabla mwezi haujaisha.

Nimekipanga chumba hicho kichwani mpaka maharagwe yakaungua.

Jumatano, tarehe 11

Nimemwambia mama. Afadhali ningenyamaza.

Mama anaimba katika kwaya ya wamama. Rugenge, mtaa wetu, nzima inaijua sauti yake. Kanisani wanasema kujichora mwili ni dhambi, naye anasema vilevile. Nikiwa nyuma ya pazia la Tantine, anaweza kujifanya hajui. Nikiweka kibao barabarani, atajifanya nini? Hakupiga kelele. Alichukua bakuli lake akaenda kulia chakula nje.

Mimi pia naogopa. Naogopa wenye silaha kuliko kanisa. Mlango wa barabarani anaingia yeyote. Atakuja mwenye bunduki anataka fuvu shingoni. Nitamwambia hapana kwa mdomo gani?

Lakini nusu ya wateja wangu si watu wa mapambo. Ni watu wa makovu. Mafuta ya moto, ekzosi ya pikipiki, kisu cha hospitali. Wanawake wanaojifunika kitenge mpaka shingoni kwenye joto hili. Nawachorea jani, ua, utepe. Nyuma ya pazia hakuna hewa, hakuna mwanga. Rangi ya ngozi siioni vizuri. Nachoka kufanya kazi nzuri kama mtu anayeiba.

Ijumaa, tarehe 13

Bonane amekamatwa.

Bonane ni motari, anabeba watu kwa pikipiki kati ya Kasenga na Runingu. Mwaka jana alianguka, bega likachanika, wakamshona ovyo. Kovu nene kama kamba. Alikuja kwangu akachagua mwenyewe: unyayo wa chui. Kovu likamezwa na kidole cha pembeni. Ni kazi yangu nzuri kuliko zote. Picha yake ninayo kwenye simu, nawaonyesha watu.

Asubuhi, kwenye barieri, kizuizi cha askari katika barabara ya uwandani, ile ya Runingu, wanaume walivuliwa mashati. Wanatafuta alama ya mkanda wa bunduki. Wakauona unyayo. Wakasema ni alama ya kundi la kule milimani, na lile kovu chini yake ni la mkanda.

Mke wake, Noella, aliingia saloni mtoto mgongoni, viatu mkononi. Alinikuta nimesimama mbele, kati ya wateja wa Tantine.

"Weye ndiye ulimuchora," akasema. "Uende ukabaambie."

Wote wakanitazama. Tantine akazima redio. Nikasema nitakwenda kesho.  Noella alivaa viatu vyake taratibu, kimoja, kingine, akatoka.

Kwa nini kesho? Kwa sababu leo niliogopa. Hiyo ndiyo sababu, hakuna nyingine.

Jumamosi, tarehe 14

Mkono wa kushoto unawaka. Naandika hata hivyo.

Nilimwomba Tantine anisindikize. Akakataa. Nikienda naye, watajua saloni iko wapi. Simlaumu. Nilipotoka nyumbani nikamkuta mama mlangoni, amevaa kitenge cha kwaya.

"Ile kazi sipendi," akasema. "Lakini hautaenda peke."

 Barieri ni kamba tu, pipa, na kibanda cha turubai. Mama akakaa kwenye jiwe, mahali ambapo kila mtu alimwona. Mimi nikaingizwa kibandani. Komanda ni kijana kuliko nilivyodhani, ana kijiti mdomoni. Nyuma yake Bonane alikuwa chini, kifua wazi, jicho limevimba. Hakunitazama.

"Weye uko nani?"

"Minye niko Mapendo, wa Kasenga. Ile alama ni minye nilichora."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna. Alikuwa na kovu, alitaka kulifunika."

Akasema kila anayewatia watu alama anasema hivyo. Akasema pia hajawahi kuona mwanamke anayechora vile. Nilikuwa na mashine kwenye mfuko, na batri. Nilidhani vitanisaidia. Akaviona, akamwita askari wake mmoja, kijana mwembamba.

"Muchore huyu. Ileile. Tuone."

Kijana akakunja mkono wa shati. Alikuwa ananitazama kama mtoto anavyomtazama muuguzi mwenye sindano.  Nikichora, kuanzia leo mimi ni mwanamke anayewatia alama wenye bunduki. Nikikataa, Bonane anabaki pale chini.

Nikasema simchori mtu ambaye hakuomba mwenyewe. Sauti ilitoka ndogo, hakuisikia. Nikarudia.  Kijiti kikaacha kuzunguka mdomoni mwake.

Hapo nikakunja mkono wangu mwenyewe. Sikuwa nimepanga. Nikasema, "Nitajichora minye."

Kujichora kwa mkono mmoja ni shida. Ngozi lazima ivutwe, isipovutwa mstari unatetemeka. Nilipiga mstari wa kwanza ukaenda upande. Komanda akacheka. Ndipo nikaona kitenge cha kwaya mbele yangu. Sijui nani alimruhusu kuingia. Mama alipiga magoti, akashika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akaivuta ngozi kama anavyovuta shuka kwenye kamba.

"Hivi?" akauliza.

"Hivi."

Nikachora. Damu kidogo, wino, mama akifuta kwa kitambaa chake cha kichwa. Hakufumba macho. Nilipofika kidole cha tatu komanda akasema basi. Akamsimamisha Bonane, akatazama bega, akatazama mkono wangu, akarudia.

"Mukono ni mumoja," akasema.

Bonane akaachiwa. Pikipiki ikabaki, "mpaka kesho". Mimi nikaandikwa jina na namba ya simu. Komanda akanirudishia mashine mwenyewe, kwa heshima, na hiyo ndiyo iliyoniogopesha zaidi. Akasema sasa akiona mtu yeyote ana mchoro, anajua wa kumuuliza.

Jumapili, tarehe 15

Mama alikwenda kanisani. Kitambaa cha kichwa amekiloweka, wino hautoki. Alifunga kingine.

Aliporudi hakusema walimwambia nini. Alisema tu kwamba leo hakuimba, koo linauma. Koo lake ni zima.

Nimekaa uani nikitazama mkono. Vidole vitatu na mstari uliokwenda upande. Nikipita na huu barieri nyingine, kwa komanda mwingine? Sasa na mimi ni wa kuvuliwa nguo. Sitaumalizia, wala sitaufunika. Hivi ulivyo, angalau unaonekana kama kitu kilichokatizwa.

Jumatatu, tarehe 16

Tantine amenifukuza. Kwa upole, na hilo linauma zaidi. Alikuwa amekwisha kunipangia vitu vyangu kwenye beseni: chupa za wino, glavu, vazelini, taa. Pazia limetolewa. Nyuma kuna viti viwili vya kuoshea nywele.

Alisema watu wawili wasiojulikana walipita jana, wakauliza yule mwanamke wa kuchora anafanyia wapi. Huenda ni wateja. Huenda si wateja. Yeye ana watoto.

"Minye sikuchukii, Mapendo," akasema. "Minye naogopa."

Nilibeba beseni kichwani katikati ya Kasenga. Kila mtu aliona kilichomo. Nilikuwa na hasira mpaka machozi, na sikujua ni hasira ya nani.

Jumatano, tarehe 18

Bonane amekuja nyumbani. Jicho limeanza kufunguka. Amevaa shati la mikono mirefu, limefungwa mpaka kifungo cha shingo, jasho linamtoka.

Nilidhani amekuja kunishukuru. Amekuja kuniambia niondoe unyayo.

Nikamweleza siwezi. Kuna mashine za kufutia, sijaziona hapa, labda ziko miji ya mbali. Naweza tu kuweka weusi juu yake, na weusi mtupu begani utaonekana kama mtu anaficha zaidi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Minye siwezi kupita tena uwandani na hii. Kule ndiko nilikuwa napata chakula."

Nikasema ulichagua mwenyewe. Akasema ndiyo, alichagua, lakini mimi ndiye mwenye kazi, ningemwambia. Ningemwambia nini? Kwamba mguu wa mnyama unaweza kumlaza mtu barieri? Sikujua.

Lakini nilijua mabega yanaangaliwa. Kila mtu hapa anajua. Sikuliunganisha na sindano yangu, basi.

Mama alimletea chai. Akainywa yote. Alipoondoka akamuaga mama, mimi akanipa mkono. Hakunishukuru. Nilikuwa sisubiri anishukuru. Uongo. Nilikuwa nasubiri.

Alhamisi, tarehe 19

Sikufanya kitu. Nimefua. Nimewaza kuacha. Naweza kusuka, naweza kuuza ndagala, samaki wadogo wa ziwani, sokoni kama shangazi zangu. Hakuna anayekamatwa kwa ndagala.

Nilitoa mashine niisafishe niiuze. Nikaisafisha. Sikuiuza.

Ijumaa, tarehe 20

Nimempa Papa Wilondja jibu. Ndiyo.

Niandike sababu, maana kesho nitaogopa na nitazisahau.

Nyuma ya pazia hakuna aliyejua ninachochora. Kwa hiyo yeyote aliweza kukipa maana anayotaka. Nikiwa barabarani, picha zote zikiwa ukutani, anayetaka kujua ataingia ataona: majani, maua, majina ya mama za watu. Huenda haitanilinda. Lakini kujificha hakukumlinda Bonane.

Na nimejiwekea masharti. Wanyama, hapana. Namba, hapana. Mabega ya wanaume, hapana, hata walie. Na kabla ya kugusa mtu nitamuuliza: unapita barabara gani? Akipita uwandani nitamwambia ninachojua, ndipo achague.

Papa Wilondja alishtuka kidogo nilipokubali. Habari imemfikia. Nikaona anatafuta namna ya kurudisha neno lake. Nikamwambia kama anaogopa aseme sasa. Akatazama mkono wangu, akatazama kile chumba cha mke wake. Akanipa ufunguo.

Mama nilimwambia jioni. Akaendelea kuchambua mchele. Baadaye akauliza kama kuna maji karibu na pale. Nikasema bomba liko ng'ambo ya barabara. Akasema basi ninunue pipa lenye kifuniko, damu na vumbi havikai pamoja. Hayo tu.

Jumamosi, tarehe 28

Chokaa. Kuta mbili nyeupe, nyingine kesho. Kibao kimeandikwa na kijana wa mabango: MAPENDO – TATUU NA MAKOVU. Majirani wanapita polepole. Mwanamke mmoja akatema mate chini, mwingine akauliza kama kovu la upasuaji wa kuzaa linafunikika. Nikamwambia linafunikika.

Simu iliita mara mbili, namba nisiyoijua. Sikupokea. 

Mama alirudi kwenye kwaya. Wamemsogeza mstari wa nyuma. Anasema nyuma kuna upepo.

Jumatano, tarehe 2, mwezi wa saba

Siku yangu ya pili mlango wazi. Asubuhi hakuna mtu. Watu wawili waliuliza kama nachaji simu.

Baada ya saa za chakula aliingia askari. Si yule mwembamba, si wa barieri ile. Mtu mzima.  Akasoma kuta polepole, jani moja moja, mikono nyuma. Akauliza ninafanya nini hapa. Nikasema nafunika makovu.

Aliegemeza bunduki ukutani, akakaa, akakunja suruali. Kwenye mguu, kovu la zamani limekunjamana mpaka gotini. Uji wa moto, akasema, alikuwa mtoto, mama yake aligeuka kidogo tu. Akauliza kama sindano inauma pale.

"Kovu la zamani halisikii sana," nikamwambia. "Pembeni ndiko kunauma."

Kisha nikamuuliza anapita barabara gani. Kwa sauti ileile niliyojiandalia kwa wateja wote.

Akacheka kidogo. "Zote," akasema.

Alikaa pale, suruali imekunjwa, akitazama mguu wake. Akasema atafikiri. Akachukua bunduki yake, akatoka, akaniambia asante mama.

Sijui kama nataka arudi. Nilifuta kiti, nikafunga mlango mapema, nikapitia sokoni kuchukua ndagala. Nilipofika nyumbani mama alikuwa amekwisha kuchemsha maji ya ugali.